Ina Ufa, Ufa Umezibwa

Bi. Orpha Sizemore hasemi "ni nzuri."
Analiweka kasha juu ya mashine ya kufulia
katika gereji yake, mtaa wa nyuma, mjini Galax,
mvua ya Oktoba ikihesabu mabati,
na anaanza na aibu zote,
kama mshenga asiyetaka lawama baada ya harusi:

"Ina ufa. Ufa umezibwa.
Kigingi cha tatu si chake, kilitoka kwenye redio.
Shingo imepinda, kidogo, kama ya mtu anayesikiliza.
Kibao cha kukinga kucha kilianguka
mwaka ule kiwanda cha meza kilipofungwa.
Harufu ni ya tumbaku. Haitoki. Nimejaribu.
Dola mia saba, na sipunguzi."

Kwetu husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hii haikujiuza wala haikutembea.
Imelala chini ya kitanda miaka kumi na mmoja.

Naipapasa kwanza.
Tumbo la msonobari limekolea rangi ya chai,
ila pale mkono wa mtu ulipopita na kupita
vanishi imekwisha, mti umebaki uchi.
Ufa naupata kwa ukucha:
unaanzia darajani, unashuka shibiri nzima,
na ndani yake gundi ya mtu mwangalifu,
aliyejua kwamba asipoziba ufa
hatapata ukuta wa kujenga,
maana kitu hiki chote ni ukuta mwembamba
na hewa.

Nyuzi nane, mbili mbili, kutu.
Mapacha wa kwanza wanagombana,
mmoja kamzidi mwenziwe kwa unywele.
Nazungusha. Ugomvi unapungua kuwa wimbi,
wimbi linanyooka kuwa mstari,

na mstari ni mmoja.

Kisha napiga.

Sikutegemea. Juu: mtama ukimwagwa kwenye sinia.
Chini: kavu, haina sukari,
mlango wa ghala ukifungwa na mtu asiye na hasira.
Haikawii hewani. Inasema, inanyamaza.
Ukitaka ikae sharti uirudie, uirudie,
mkono utetemeke kama mfuniko wa sufuria,
ndipo vitone vinapoungana kuwa uzi.

Lakini kuna kitu kinacheza humo.
Kila nikigusa uzi mnene: chaka-chaka.
Siku nne kwa wiki napiga eksirei vifua vya watu;
kifua chenye kitu nakijua.
"Kuna kipande kimekatika ndani," nasema,
nikinyemelea punguzo,
maana na mimi nililelewa sokoni.

Kwa mara ya kwanza anacheka.
Anaigeuza kinywa chini, anaitikisa
kama anayetafuta senti ya mwisho kwenye kibubu,
na kupitia tundu lililopinda
inamdondokea kiganjani njuga ya mkia wa nyoka,
pete saba, nyepesi kuliko ganda la karanga.

"Baba aliiweka. Alisema itatisha panya, na unyevu."
"Ilivitisha?"
"Panya, ndiyo. Unyevu hauogopi kitu."

Napiga tena. Safi. Hakuna chaka-chaka.
Sote wawili tunasikia kilichopungua
na hakuna anayekitaja.
Sauti ni nzuri zaidi. Si yake.

Nahesabu noti juu ya mashine.
Anazihesabu yeye, mara mbili, bila haraka.
Kisha anaitumbukiza njuga tunduni
kwa kidole kimoja, kama anayelisha ndege.
"Nilikwambia sipunguzi," anasema.

Barabara ya Hillsville ina kona nyingi.
Katika kila kona
kiti cha nyuma kinanionya.